Fungu Lenye Ungo

Ghati aliokota jiwe, akalipuliza vumbi, akalilamba. Ulimi ulipita juu ya udongo, chumvi, na ladha chungu ya baruti. Akaligeuza kwenye jua. Pale palipolowa, mshipa mweupe ulijitokeza, na ndani ya mshipa ile rangi ya kutu ambayo wanawake wa Nyakunguru huitafuta kama mama anavyotafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Akalirusha kulia, kwenye fungu lake. La pili alilamba, akatema. Hilo likaenda kushoto.

Midomo yake ilikuwa imepasuka na kupona na kupasuka tena, mpaka siku hizi hata chai ya moto hakuisikia vizuri.

"Wewe utakufa na mawe tumboni," alisema Mwajuma muuza chai, kutoka chini ya turubai lake.

"Afadhali mimi nitakufa na kitu tumboni."

Wanawake wakacheka bila kuacha kugonga. Walikuwa wamekaa kwenye vumbi, miguu imenyooshwa, kila mmoja na nyundo yake na pete ya mpira wa tairi ya kuzuia vipande visiruke machoni. Waligonga magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa umeyala ukayatema nje ya ukuta wake. Matemo ya tajiri. Ukichambua kwa uvumilivu, katika kila kumi unaweza kupata moja lenye rangi, dalili ya dhahabu, na ukiwa na mengi yenye rangi unayapeleka karashani yakasagwe.

Fungu la Ghati lilikuwa limemfika kifuani. Alilianza mvua za masika zilipokatika, na sasa mashamba yote yalikuwa makavu. Juu kabisa alikuwa ameweka ungo wake wa zamani, umefunikwa kifudifudi. Pale Nyakunguru mtu anaweza kuiba kuku wako, anaweza kuiba mke wako ukilala fofofo, lakini fungu lenye ungo lina mwenyewe. Hata walevi wakitoka kwenye gongo hulizunguka.

Na kila mtu alijua fungu lile ni la kazi gani. Halikuwa la kusagwa na Ghati. Lilikuwa ujira wa Owiti, fundi wa mashimo kutoka ng'ambo ya Sirari, mwenye pampu ya maji. Alhamisi Owiti angevuta maji kwenye duara la zamani la Nyangwine, shimo la wachimbaji, angefungua ubavu ulioanguka, na angemtoa Waitara.

Waitara alikuwa mume wa Ghati. Alishuka kwenye duara lile kwenye mvua kubwa, ukuta ukakatika, maji yakaingia. Wenzake wawili walivutwa kwa kamba. Yeye hakuvutwa. Polisi walipofika, Nyangwine, mwenye duara, aliwaambia shimo ni tupu. Waitara, alisema, alishavuka mpaka siku mbili nyuma, yuko Migori kwa mwanamke. Migori ni karibu. Mwongo yeyote anaweza kumpeleka mtu huko bila nauli. Polisi wakanywa soda, wakaondoka. Baada ya hapo Nyangwine akagombea uenyekiti wa kijiji, akapata.

Basi Ghati hakunyolewa nywele za msiba. Hapakuwa na kaburi uani, hapakuwa na matanga, hapakuwa na mtu wa kumwita mjane. Alikuwa mwanamke aliyekimbiwa. Kisimani walimpisha kwa huruma yenye kicheko ndani yake, na binti yake Susana, anayesoma Mugumu, alikuwa ameshapigana shuleni mara mbili kwa sababu ya neno hilo moja, Migori.

"Halafu mmesikia?" Mwajuma alimimina chai kutoka juu ili itoe povu. Habari kwake ilikuwa kama maandazi, haikulala. "Mizinga inakuja."

"Mizinga ya nini tena?"

"Ya jeshi. Ya kupiga meli. Wallahi nimeambiwa na dereva wa mkandarasi mwenyewe. Lori moja lina matairi kama nyumba, na mgongoni limebeba mabomba marefu, makombora yamo ndani yamelala kama sigara kwenye pakiti. Ni ya kulinda pwani. Yanapelekwa ziwani kwa maonyesho, sasa daraja la barabara kuu limepata ufa, kwa hiyo yanazungukia Mugumu, yanapita hapa kwetu."

"Meli gani itakuja Nyakunguru?"

"Labda safina ya Nuhu ilisahau kitu."

"Iliwasahau nyani, si hao mnaowaona ukutani?" Mwanamke aliyesema alimaanisha walinzi wa mgodi. Wakacheka tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mimi bibi yangu alizaliwa Pangani," Mwajuma alisema, "na sijapata kusikia pwani inatembea kwa lori."

Kicheko hakijaisha, gari la kipaza sauti likatokea kwenye kona. Nyangwine alikuwa amesimama nyuma, shati jeupe, mkono mmoja ukishika chuma na mwingine kipaza sauti. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye sauti ya kupendeza. Angeweza kutangaza njaa watu wakapiga makofi.

"Wananchi wa Nyakunguru! Kesho kijiji chetu kinapata heshima ambayo hata Tarime mjini hawajapata! Malori ya kulinda nchi yatasimama hapa. Mgeni rasmi atakuwepo. Uwanja unatengenezwa leo hii, pale kwenye maduara ya zamani. Kila kaya itoe mtu!"

Nyundo zilinyamaza. Ghati alisimama, akajipangusa mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Susana. Bado unakula mawe?"

"Bado. Mwenyekiti, uwanja unafika mpaka wapi?"

"Mpaka unapofika."

"Maana duara lako lipo pale. Nakuomba waache hilo moja. Alhamisi tu. Owiti amekubali kuvuta maji Alhamisi."

Nyangwine alimtazama. Kisha, polepole, akakirudisha kipaza sauti mdomoni.

"Mama Susana anauliza," sauti yake ikatoka ikajaza bonde lote, ikagonga ukuta wa mgodi ikarudi, "kama mume wake amejificha ndani ya shimo langu. Mwenye kumwona Waitara huko Migori amwambie mkewe anamtafuta! Amwambie chakula kimepoa!"

Wanaume waliokuwa karashani walicheka. Walicheka kwa sababu mwenyekiti alikuwa anawaangalia. Gari likaondoka.

Mwajuma alimshika Ghati mkono. "Usilie mbele yao. Nenda kwa Owiti sasa hivi. Alhamisi imekufa hiyo."

*

Owiti alikuwa anafungua pampu kwenye banda lake, mikono myeusi kwa grisi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba siku ile. Yeye ndiye aliyemwambia Ghati, baadaye sana, wakiwa wawili tu, kwamba ukuta ulipoanguka Waitara hakufa palepale. Alikuwa anagonga. Jiwe kwa jiwe, huko chini, mpaka jioni. Owiti alitaka kuteremka. Nyangwine alisema akiteremka atamkatia kamba. Na ndoo ya mwisho ya maji ilipopanda ilikuwa na tochi ya kichwani, ambayo Owiti aliificha ndani ya gambuti, na sasa ilikuwa kwa Ghati.

"Leo tunaweza," alisema. "Pampu iko sawa. Greda yao bado iko upande wa barabara, mpaka wafike kwa maduara ni jioni. Nikianza saa hii, namfikia."

"Anza basi."

Owiti hakusogea. "Mos, mama, polepole. Mimi ni Mjaluo. Mfupa ya Mkurya sishiki kama ndugu yake hayuko. Mtu wenu atoke pale na nani? Akabidhiwe nani?"

Ghati alijua. Hata bila kuambiwa, alijua. Mfu aliyekufa nje hupokelewa na mwanaume wa damu yake, huyo ndiye anayemwita kwa jina, huyo ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Bila hivyo unakuwa umefukua mifupa tu, kama fisi. Na Waitara alikuwa na kaka mmoja duniani, Magige, aliyehamia Ringwani kulima.

"Nampigia simu."

"Jambo kama hii ni ya simu?"

Hapana. Haikuwa ya simu.

Alirudi mbio kijiweni kumwambia Mwajuma. Pikipiki ya kukodi ilikuwa tayari inanguruma.

"Nenda, nenda! Na mawe yako? Nikae nayo?"

Ghati alitazama fungu lake. Ungo ulikuwa mahali pake, mgongo wake wa kahawia juani.

"Lina ungo," alisema, akapanda.

*

Ghati alimkuta Magige shambani akichoma mabua. Alikuwa amemzidi Waitara miaka mingi, mtu mkavu, mwenye aibu, aliyependa ng'ombe zaidi ya maneno. Alimpa Ghati kigoda, akamwacha anywe maji mpaka mwisho ndipo akauliza habari. Alipoisikia, alisukuma mabua motoni kwa mguu, moshi ukimpita.

"Nyangwine aliniambia yuko Migori," alisema.

"Najua alichokuambia."

"Nikienda nikachimba, nikamwita kwa jina kama mfu, kisha kesho akaonekana anatembea? Nitakuwa nimemzika mdogo wangu akiwa hai. Unajua kitu hicho kinafanya nini kwenye ukoo? Watoto wangu wote wapo hapa, Ghati."

Ghati alifungua pindo la khanga. Akatoa tochi. Kioo kilikuwa kimepasuka, betri zimevuja ute wa kijani. Ule mpira wa kuzungusha kichwani ulikuwa umekatika zamani, ukashonwa kwa uzi wa gunia, mishono mikubwa ya kuvuka, kama mwanaume anavyoshona.

Magige aliichukua. Akapitisha kidole kwenye mishono, mmoja mmoja.

"Alikuwa hivyo hivyo kwa mpira wa miguu," alisema. "Tulipokuwa tunachunga. Tambara akalishona hivi." Akaingia ndani, akatoka na koti na fimbo. "Twende."

Wakaondoka. Watatu kwenye pikipiki moja, Magige katikati, tochi imefungwa mkononi mwake. Walivuka mto Mara, wakapanda, na kila walipopita kijiji walikuta watu wamesimama barabarani na majembe, wanafagia, wanachoma majani, wanapaka mawe chokaa kwa ajili ya wageni. Walipokaribia Nyakunguru Ghati alianza kusikia mngurumo. Akaegemea mbele, kana kwamba pikipiki ingekwenda kasi kwa kuegemewa.

Kijiweni hapakuwa na mtu. Turubai la Mwajuma lilikuwa limelala chini, sufuria imepinduka, chai imeingia udongoni na kuacha doa.

Na mahali pa fungu palikuwa patupu. Siyo patupu kama mahali palipoibwa, maana mwizi huacha mawili matatu. Palikuwa pamekwanguliwa, mistari ya meno ya kijiko cha mtambo imepita sambamba mpaka kwenye udongo mwekundu. Ungo ulikuwa kwenye alama ya tairi. Bapa, umechapika ardhini kama umechorwa.

Mwajuma alitokea nyuma ya karasha, ushungi umechanika. "Nilikaa juu yake, Mama Susana. Nilikaa juu kabisa, pembeni ya ungo. Mgambo wakanibeba wawili, huyu miguu huyu mabega. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameshamwonyesha dereva kwa kidole. Mawe yaliwapungukia, alisema chukueni haya, ni ya kijiji."

"Wameyapeleka wapi?"

Mwajuma alielekeza mkono upande wa maduara.

*

Uwanja ulikuwa umesawazishwa. Pale palipokuwa na vinywa vya maduara, vyeusi, kila kimoja na magogo yake ya kuteremkia, palikuwa na ardhi moja tambarare, na mtambo wa kushindilia ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, gurudumu lake la chuma liking'aa. Owiti alikuwa amekaa juu ya pampu yake pembeni ya barabara. Mgambo mmoja alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilifika," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa nimeanza kuvuta. Wakaniambia nionyeshe kitambulisho." Hakumtazama Ghati. "Wakasema mgeni hana ruhusa karibu na njia ya jeshi. Mama, wangenifunga."

"Duara liko wapi?"

Owiti aliinua kidevu kuelekea mahali mtambo ulipokuwa unapita. Ghati alikwenda. Alitembea mbele ya ule mtambo mpaka dereva akafunga breki na kumtukana. Akapiga magoti. Mawe yalikuwa yake. Hakuhitaji kuyalamba. Lile lenye umbo la figo. Lile lenye mstari mwekundu aliloliokota siku Susana alipopelekwa shule. Yote aliyoyapitisha mdomoni mwake tangu masika ili Waitara atoke, yalikuwa yamemwagwa kwenye mdomo wa duara, juu yake, yakashindiliwa.

Nyangwine alikuja akitembea polepole, akampa Magige mkono kabla ya kumtazama mtu mwingine.

"Mura, ndugu, karibu. Umekuja kwenye sherehe?"

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

Magige aliinua tochi.

Nyangwine aliitazama kwa upole. "Tochi hiyo. Kila mtu hapa ana tochi. Mimi nakuuliza wewe kama mwanaume, tena wewe ni mkubwa wa mji. Umeona mfupa?"

Mtambo ulikuwa unanguruma papo hapo. Mgambo walikuwa wamesogea.

"Sijaona," Magige alisema.

"Basi. Usijiletee laana kwa maneno ya mwanamke. Kunywa soda, upumzike."

Magige hakunywa soda. Lakini alikuwa ameshika kiganja kimoja cha udongo, ambao alikuja nao kutoka Ringwani ndani ya mfuko wa koti, na Ghati alimwona akisimama nao kwa muda mrefu, midomo ikicheza, akitaka kusema jina. Hakulisema. Akaurudisha udongo mfukoni. Akampa Ghati tochi kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaenda kumtafuta mwenye pikipiki.

*

Malori yalikuja kesho yake jua likiwa juu. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa tangu asubuhi, bendera za karatasi zimelegea kwa jasho. Kwanza ardhi ilitetemeka, ndipo yakaonekana: rangi ya majani makavu, matairi mengi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu yakipita, na mgongoni kila moja mabomba manne mazito yamefungwa pamoja. Mwajuma, ambaye alikuwa ameapa hatakwenda, alikuwa mbele kabisa.

"Ee Mungu," alinong'ona. "Hiyo ni ya kuulia nini? Samaki?"

Lori la kwanza liliingia uwanjani. Luteni kijana, mrefu, kofia imekaa vizuri, aliruka chini akaanza kukagua ardhi kwa kisigino. Alikuwa mtu makini. Alizunguka mahali miguu ya chuma ya lori ingeteremka, akainama, akagusa mawe.

"Hapa chini palikuwa na nini?" aliuliza. "Nataka kujua kabla sijainua mtambo. Uzito wa hii siyo wa mchezo."

"Mawe matupu, afande," alisema Nyangwine.

"Kuna mtu," alisema Ghati.

Hakuwa amepaza sauti. Lakini watoto walikuwa wamenyamaza, na ikasikika.

Luteni aligeuka. "Mtu gani, mama?"

"Mume wangu. Waitara. Yuko kwenye duara, na duara liko hapo ulipokanyaga."

Luteni aliangalia miguu yake. Akasogea hatua moja. Kwa kitambo kidogo watu wote wa Nyakunguru, waliocheka na wasiocheka, walimtazama kijana yule kama watu wanaotazama wingu.

"Afande, umsamehe," Nyangwine alisema kwa ile sauti yake nzuri. "Mumewe alimkimbia, yuko Kenya. Tangu hapo kichwa chake hakiko sawa. Sisi ndio tunaomtunza."

"Shimo lilikuwa na kina gani?" luteni alimuuliza Ghati.

"Kamba mbili."

"Lina maji?"

"Lilikuwa nayo."

Luteni alimgeukia msimamizi wa mkandarasi. "Mmejaza nini humo?"

"Mawe magumu, afande. Hayana udongo hata kidogo. Yalikuwa yamechambuliwa tayari, safi, moja moja. Barabara nzima hatukupata mawe kama hayo."

"Yamechambuliwa na nani?"

Msimamizi alikuna shingo. "Tuliyakuta."

Luteni alifikiri. Kisha akainua mkono. Mguu wa chuma ukatoka ubavuni mwa lori, ukashuka taratibu ukipumua, sahani yake pana kama meza ikagusa mawe ya Ghati na kukandamiza. Lori likajiinua kidogo. Mawe yakalia mara moja, kama meno. Luteni alichuchumaa, akatazama ukingo wa sahani kwa muda. Haukuendelea kuzama.

"Imara," alisema. "Endelea."

Alipokuwa anasimama alikuwa karibu na Ghati. "Pole, mama," alisema kwa sauti ya chini, na ilionekana anamaanisha. "Suala hilo lifikishe serikali ya kijiji."

Serikali ya kijiji ilikuwa imesimama pale na kipaza sauti mkononi.

Mabomba yakaanza kunyanyuka. Yalinyanyuka polepole, yote manne, mpaka yakatazama magharibi, juu ya paa za bati, juu ya ukuta wa mgodi, na walinzi wa ukutani nao wakashangilia. Mgeni rasmi alikohoa, akasifu amani. Luteni akapewa kipaza sauti aeleze.

"Hili halihitaji kuona kwa macho," alisema. "Meli inaweza kuwa mbali kuliko Musoma. Inaweza kujificha nyuma ya kisiwa, izime taa zote. Mtambo wetu utaitafuta mpaka uipate. Hakuna pa kujificha."

Watu wakapiga makofi.

"Na chini ya ardhi?" Ghati aliuliza. "Inaona?"

Kicheko kilianza upande wa watoto, kikasambaa. Hata askari wawili walitabasamu. Luteni hakucheka.

"Hapana, mama. Hii ni ya baharini."

"Funga mdomo, Mama Susana," alisema Nyangwine. "Wageni wako kazini."

Akaufunga. Alikuwa amekuja na nyundo yake ndani ya khanga, asijue kwa nini. Wakati ngoma zikipigwa na mgeni rasmi akivishwa ngozi ya mbuzi, alichuchumaa nyuma ya tairi la mwisho, akagonga ardhi mara chache, akainamisha sikio. Injini ya lori ilikuwa haijazimwa. Hakusikia kingine.

*

Malori yaliondoka kuelekea ziwani, na yaliyobaki ni alama za sahani nne, mraba, zimezama kiasi cha unene wa kidole.

Jua lilipochomoza siku iliyofuata, wanawake walikwenda uwanjani na viroba na nyundo. Hawakuambizana. Kila mmoja alijua ni mawe gani yako pale, yamechambuliwa na mdomo wa nani, na kila mmoja alikuwa na aibu yake akaificha chini ya kiroba. Mwajuma alikuwa na mtalimbo wa kuazima. "Tunakutolea yako kwanza," alimwambia Ghati bila kumtazama. "Tukifika chini, tutafika chini."

Walikuta waya. Nguzo mpya, nyuzi tatu za miiba, kuzunguka pale tu palipokuwa na duara la Nyangwine. Mgambo wawili walikuwa wanakunywa uji. Na katikati, juu ya mahali mguu wa lori ulipokanyaga, palikuwa na ungo. Mpya, matete yake bado yana ukijani, umefunikwa kifudifudi.

Wanawake wakasimama. Hakuna aliyewazuia, mgambo hawakuhitaji hata kuweka vikombe chini. Mwanamke mmoja aligeuka na kiroba chake, kisha mwingine. Mwajuma aliutazama ungo ule, akatazama mtalimbo mkononi mwake, akaulaza begani.

"Mama Susana," alisema. "Twende."

Jiwe moja lilikuwa limevingirika nje ya waya. Ghati aliinama, akaliokota. Dogo, la ukubwa wa kidole gumba. Akalipuliza, akalilamba. Mshipa mweupe, na ndani yake rangi.

"Wewe," mgambo aliita. "Rudisha hilo. Lina mwenyewe."

Ghati alilitia mdomoni.

Mgambo aliweka kikombe chini, akaja mpaka kwenye waya akifuta uji kwenye masharubu. Alikuwa kijana wa palepale, mtoto wa jirani, aliyekula kwake ugali mara nyingi Waitara akiwepo.

"Mama," alisema. "Fungua mdomo."